Wakuu, picha za flashi zinatoka nusu mwanga nusu giza. Kamera imekufa au mimi ndo sijui?

mpigapicha_moro
Wakuu habari za jioni. Nimekwama, naomba msaada na msinicheke maana nina siku mbili sijalala vizuri.

Jumamosi nilikuwa na kazi ya sendofu hapa Morogoro, ukumbi mkubwa tu, mapambo ya kitambaa cheupe na zambarau juu mpaka chini. Natumia Canon 700D na ile lenzi yake ya 18-55 iliyokuja nayo, flashi nimeiweka kwenye standi na mwavuli mweupe, inawashwa na trigga za bei chee nilizonunua mwezi uliopita, moja inakaa juu ya kamera nyingine chini ya flashi. Nikiwa kazini nachungulia kwenye kioo naona picha zinang'aa nikasema leo nimeua. Nimefika nyumbani nimefungua kwenye laptopu, mama yangu weee. Picha nyingi kipande cha chini kimeingia giza, binti anaonekana vizuri kuanzia kiunoni kwenda juu ila gauni limezama kama kasimama ndani ya shimo. Nilizopiga wima giza lipo pembeni, mashangazi wawili wamepotea kabisa. Alafu zile za familia nzima, waliokaa mbele weupe kama wamemwagiwa unga, waliosimama nyuma hujui nani ni nani.

Setingi zangu: M (napanga kila kitu mwenyewe), shata 1/320 (pazia la kamera linaachia mwanga sehemu moja ya 320 ya sekunde) maana watu wanacheza sikutaka zitikisike, tundu la lenzi f/5.6, ISO 400 (kamera inavyokuza mwanga), flashi nguvu 1/8. Nimempelekea fundi kaniambia shata imekufa, anataka laki na themanini. Na mama wa binti anataka picha ijumaa, hela ya mwisho hajanipa. Nifanyeje?

Kimbunga wa Keko
Kamera ya 2013 hiyo mkuu, imekula chumvi nyingi. Uza, ongezea, chukua mirrorless, zile zisizo na kioo ndani, maisha yaende.

bwana_ISO
pandisha ISO mpaka 3200 mambo kwisha

jicho_la_tatu
Mashangazi wamepotea 😂😂 nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Naweka kambi hapa, hili tatizo hata mimi ninalo.

Babu Zenit
Kijana usimpe fundi hata mia kwanza. Na huyo wa ISO 3200 umwache apite, ukipandisha ISO sehemu iliyopigwa na flashi itaungua na penye giza patabaki na mwanga wa ukumbi tu, mstari bado upo pale pale.

Nijibu haya. Huo mpaka wa giza ni mstari ulionyooka au ni duara kama mwezi mchanga? Ukitumia ile flashi ndogo inayochomoza juu ya kamera yenyewe giza linakuja? Na ukitoka nje mchana bila flashi, ukapiga anga tupu kwa 1/1000, picha inakuwa sawa juu mpaka chini?

mpigapicha_moro
Babu shikamoo. Za sendofu ni mstari ulionyooka, umefifia kidogo ukingoni ila umenyooka. Nje nimepiga anga sasa hivi kabla jua halijazama, 1/1000 picha kumi, zote safi. Ile flashi ndogo haileti mstari, ila hapa kuna kituko kingine, chini katikati imeweka kivuli kama nusu sahani. Nimechanganyikiwa zaidi.

Babu Zenit
Marahaba. Basi shata yako nzima na laki na themanini yako nzima. Una magonjwa matatu yamekuja na basi moja ndo maana unaona kama kamera imelogwa. Giza la kwenye picha lina sura zake, ukiijua sura unamjua mwenyewe.

Tuanze na la mstari. Ndani ya kamera mbele ya sensa, kile kipande kinachopokea picha, kuna mapazia mawili, hayo ndo shata. Ukibonyeza, la kwanza linashuka linaifungua sensa, alafu la pili linashuka nyuma yake linaifunga. Spidi ikiwa ndogo, kuna kitambo sensa yote inakuwa wazi, la kwanza limeshafika chini na la pili bado halijaanza. Flashi inatakiwa iwake hapo hapo. Ukipandisha spidi kupita kiasi fulani la pili linaanza safari kabla la kwanza halijamaliza, kwahiyo hakuna hata dakika moja ambayo sensa iko wazi yote, kinachopita ni upenyo tu kama mlango ulioachwa kidogo. Flashi yenyewe inawaka sehemu ndogo sana ya sekunde, ikiwaka inakuta pazia la pili limeshafunika kipande, na hicho kipande ndo giza lako. Na kwanini giza linakuja chini wakati pazia linatokea juu? Kwasababu lenzi inaleta picha kichwa chini miguu juu kwenye sensa, kwahiyo juu ya sensa ndo miguuni kwa binti. Ukigeuza kamera wima, giza linageuka nayo linakuwa pembeni, wakaenda na maji mashangazi.

Kwa 700D mwisho wake ukiwa na flashi ni 1/200. Wewe ulikuwa 1/320.

Sasa utauliza mbona kamera haikunizuia. Ile flashi ndogo ya juu, au flashi inayoongea na kamera kwa pini zote, kamera inaijua, hata ukizungusha 1/320 itakurudisha 1/200 bila kukuuliza. Trigga yako ya bei chee ina pini moja ya katikati tu. Kamera haijui kama kuna flashi, inadhani unapiga kawaida, inakuachia ujimalize.

Mimi nilianza na Zenit-E, mwisho wake na flashi ilikuwa 1/30, na pazia lake la kitambaa lilikuwa linatembea kwa ubavu sio kushuka. Sisi tulikuwa tunakatwa pembeni hata kamera ikiwa imelala, na ulikuwa hujui mpaka filamu isafishwe. Siku hizi mna kioo na bado mnafika nyumbani ndo mnaona!

mpigapicha_moro
Babu umeniua na hiyo ya mwisho lakini sawa, nilikuwa naangalia kioo haraka haraka naona sura tu. Sasa nikishusha 1/200 si picha zitatikisika watu wakicheza?

Babu Zenit
Fanya hivi usiku wa leo. Zima taa zote chumbani, weka kamera juu ya kiti iangalie ukuta mweupe, flashi pembeni. Piga 1/125, 1/160, 1/200, 1/250, 1/320. Chumba kiwe giza kweli, kikiwa na mwanga wa taa unaziba ile sehemu na kukudanganya. Lete majibu alafu ndo tuongee habari ya kutikisika.

Lenzi Chafu
Mbona mnamzungusha, atumie HSS, ile ya flashi kwenda na spidi kubwa ya shata. Kwenye HSS unapiga hata 1/4000 hakuna mstari.

Babu Zenit
Kweli hakuna mstari, ila HSS inataka trigga inayoielewa, yake haielewi. Na HSS sio bure, flashi inaacha kuwaka mara moja kwa nguvu inakuwa inapepesa mfululizo muda wote upenyo unapita, nguvu inashuka sana. Ndani ya ukumbi usiku unaitaka ya nini? Hiyo ni ya saa saba mchana ufukweni.

mpigapicha_moro
Nimerudi. Mke wangu anauliza kwanini napiga picha ukuta gizani, nimemwambia ni matibabu.

1/125 safi. 1/160 safi. 1/200 kuna kamstari chembamba chini kabisa, kama uzi mnene. 1/250 giza limepanda. 1/320 ndo yale yale ya sendofu. Lakini babu si ulisema 1/200 ndo mwisho wake, mbona napo pana kamstari?

Babu Zenit
Hapo ndo bei chee inapodai chenji yake. Kamera inaitaarifu trigga, trigga inarusha redio, ya upande wa pili inapokea ndo inaiwasha flashi. Huko njiani kuna kuchelewa kadogo sana lakini pazia halimsubiri mtu. Ndo maana na trigga za namna hiyo unashuka hatua moja. Wewe andika 1/160 kwa kalamu kwenye kipande cha plasta ubandike nyuma ya kamera.

Kutikisika sasa. Kwenye ukumbi wenye taa hafifu, mtu wako anaangazwa na flashi karibu peke yake. Flashi ikiwaka na kuzima upesi hivyo, hiyo ndo inamgandisha, sio shata. Piga 1/160, f/5.6, ISO 400, mtu anaruka na atatoka amesimama angani. Utatikisika kama taa za ukumbi zenyewe ni kali au umeshusha shata mpaka 1/30 kuzifuata, hapo utaona mkono una kivuli chake kama mkia. Watu wengi wanapandisha shata kuogopa kutikisika wakati walichokuwa wanahitaji tayari kipo mkononi.

jicho_la_tatu
Dah. Miaka miwili napiga 1/250 nakata picha chini nikidhani nimekosea kupima. Heshima kwako babu.

mpigapicha_moro
Na ile nusu sahani?

nakuru_shots
Hiyo ni hood yako buda, ile kofia ya plastiki mbele ya lenzi. Toa. Hiyo flashi ndogo ya kamera imekaa karibu sana na lenzi, mwanga ukitoka unagonga kofia na kivuli kinaanguka kwa picha. Inaonekana sana ukiwa 18mm na mtu akiwa karibu, uki-zoom 55 inapotea unafikiri imepona. Lenzi nene pia hufanya hivyo hata bila kofia.

Na pia angalia betri. Mimi nilikuwa kwa ruracio moja huku, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, napiga tatu tatu haraka, ya kwanza iko sawa, ya pili giza, ya tatu giza kabisa, nikafikiri flashi imeharibika kumbe sikuwa naipa nafasi ya kujaza. Iwe nini iwe nini, ile taa nyekundu ya nyuma lazima iwake kwanza. Sasa hivi natumia zile za kuchaji za NiMH, zimeandikwa 1.2V na watu huziogopa wakidhani ni dhaifu kuliko za 1.5V za duka, lakini kwa flashi zinajaza haraka kuliko hizo zako za kutupa.

mpigapicha_moro
Nimetoa kofia, nusu sahani imeondoka. Aisee. Betri zangu ni zile nne za elfu mbili kwa muuza urembo nje ya ukumbi, sitaki hata kuongea.

Limebaki la familia. Hili ndo linaniuma zaidi maana mama mwenye shughuli ndo kasimama nyuma.

Babu Zenit
Flashi ilikuwa umbali gani na waliokaa mbele?

mpigapicha_moro
Karibu, kama mita moja na nusu. Viti, alafu nyuma ya viti mstari wa pili, alafu wa tatu juu ya jukwaa. Wa tatu labda mita tatu kutoka kwenye flashi.

Babu Zenit
Basi hesabu umeshaifanya mwenyewe. Umbali ukizidi mara mbili mwanga haubaki nusu, unabaki robo, kwasababu unatawanyika kwa upana na kwa urefu pia. Mita 1.5 na mita 3, mstari wa nyuma umepata robo ya wa mbele. Ukipima kwa wa mbele wa nyuma wanazama, ukipima kwa wa nyuma wa mbele wanakuwa unga. Hakuna setingi ya kwenye kamera inayolitibu hilo, ni miguu yako tu.

Isogeze flashi nyuma mpaka mita nne kutoka kwa wa mbele. Wa nyuma sasa yuko mita tano na nusu. Tofauti ya umbali ni ile ile mita moja na nusu lakini wa nyuma anapata zaidi kidogo ya nusu ya wa mbele badala ya robo. Alafu inyanyue standi mpaka juu ya vichwa, na ule uso wa mwavuli uelekeze kwa mstari wa nyuma sio wa mbele, wale wa mbele wapate makombo ya ukingoni. Hapo utakuta wanakaribiana sana.

Kwa kusogea huko utahitaji mwanga kama mara saba ya ule wa mwanzo. Usiogope. ISO 400 iende 1600, hiyo mara nne, flashi toka 1/8 iende 1/4, mara mbili, jumla mara nane. Imetosha na chenji. Kwahiyo yule wa ISO hapo juu hakukosea jumla, alikosea ugonjwa.

bwana_ISO
asante kwa kunirudishia heshima yangu

Babu Zenit
😄 Kitu kimoja zaidi, kichwa cha flashi kina zoom yake. Iko namba ngapi?

mpigapicha_moro
105. Sijawahi kuigusa tangu nimeinunua.

Babu Zenit
Ikiwa kwenye standi haijui lenzi yako imefungua kiasi gani, inabaki ulipoiacha. 105 ni tochi, inapiga katikati ya mwavuli tu kingo hazipati kitu, ndo maana nahisi watu wa pembeni nao walikuwa hafifu kuliko wa katikati. Irudishe 24 mwanga ujae mwavuli wote.

mpigapicha_moro
Babu umejuaje habari ya wa pembeni wakati picha sijaweka.

binti_ukuti
Assalaam aleykum. Mie niko Unguja, napiga shughuli za wanawake tu, nimesoma yote nimenufaika sana. Naongeza mawili.

Ule weupe wa unga usiutupie umbali peke yake. Poda nyingi za kupambia na krimu za kinga ya jua zina titani na zinki, kwa macho huoni kitu, flashi ikipiga usoni inarudi nyeupe na shingo inabaki rangi yake. Mie siku hizi kabla hajamaliza kupambwa nampiga bi harusi picha moja ya flashi pale pale mbele ya mpambaji, akaona mwenyewe, akarekebisha. Bora ugomvi uishe chumbani.

La pili ni kugonga mwanga juu. Watu wanafunzwa elekeza flashi kwenye dari mwanga utashuka laini, kweli, lakini dari iwe nyeupe na iwe karibu. Sisi huku shughuli nyingi ni chini ya turubai. Nilipiga harusi moja turubai la kijani, wallahi watu wote walitoka rangi ya mtu anayeumwa ini, na kusahihisha hukusahihishiki maana usoni kijani na gauni linalopata mwanga wa pembeni halina kijani. Na kwako, hicho kitambaa cha zambarau kingekufanya hivyo hivyo. Sasa nina shuka jeupe la kitanda, wanalishika watoto wawili upande wangu wa kushoto, flashi naigeuzia huko. Nawapa soda. Hamna sofboksi, yale maboksi ya kulainisha mwanga, inayoshinda lile shuka.

Kimbunga wa Keko
Watoto wakichoka je?

binti_ukuti
Soda ya pili.

mpigapicha_moro
Nimecheka. Sasa wakuu hizi za sendofu zilizoharibika zinaokoleka? Nilipiga JPEG, faili ambalo kamera imeshalibana.

Lenzi Chafu
Ungepiga RAW, faili ghafi la sensa, ungevuta vizuri. Kwa JPEG fungua Lightroom, ile programu ya kurekebisha picha, weka ule mwanga wa kuteremka polepole kuanzia chini, pandisha taratibu, ukizidisha utaona chengachenga tupu na rangi ya chungwa maana pale pana mwanga wa taa za ukumbi tu. Zile ambazo giza limeishia magotini kata tu, picha ya magotini kwenda juu nani atauliza. Zilizokula mashangazi za wima, geuza nyeusi na nyeupe, hapo tofauti ya rangi inakufa na unaweza kuvuta zaidi.

mpigapicha_moro
Sikuwahi kufikiria hiyo ya nyeusi na nyeupe. Naenda kazini, usiku huu silali tena.

*

mpigapicha_moro
Wakuu nimerudi na mrejesho, ni wiki ya pili sasa.

Za sendofu nilikuwa na picha 640, nimetoa 410. Mama wa binti kaziona, akasimama kwenye moja nyeusi na nyeupe ya yule shangazi aliyekuwa gizani akasema hii mtanikuzia niweke ukutani. Sikusema neno. Kalipa.

Jumapili nilikuwa na kipaimara, familia watu 23 kwenye ngazi, mistari minne. Nimepima kwa hatua, flashi hatua tano nyuma, standi juu mpaka mwisho, nimemwomba kijana aishikilie maana upepo. 1/160, f/8, ISO 1600, flashi nusu, zoom 24. Mjomba mmoja akaanza kunipigia kelele sogea karibu wewe picha itatoka ndogo, nikamwambia mzee niamini. Nimefungua kwenye laptopu nimewakuza wa mstari wa nne, mpaka miwani ya bibi inaonekana fremu yake. Plasta ya 1/160 bado ipo nyuma ya kamera.

jicho_la_tatu
Safi sana. Mimi natumia Nikon D3200, mstari wa giza umeondoka baada ya kushuka 1/160. Ila ukumbi wa juzi nikizima flashi kabisa napata michirizi ya kulala, mmoja wa njano mmoja wa giza, njano, giza, picha nzima. Hiyo nayo ni pazia?

Babu Zenit
Hapana hizo ni taa. Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi za LED za bei ya chini zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila upenyo wa pazia ukipita unazikuta nyingine juu nyingine chini. Ulikuwa spidi gani?

jicho_la_tatu
1/500

Babu Zenit
Shuka 1/100, au 1/50 kama mkono umetulia. Kila sehemu ya sensa ipate mzunguko mzima wa taa. Zile za rangi za DJ ni kabila lingine, hizo hazisikii kitu, zisubiri zibadilike.

jicho_la_tatu
1/100 imekubali, nimejaribu na taa ya jikoni. Michirizi hakuna.

mpigapicha_moro
Na mimi nimejifunza hapo hapo. Kumbe leo fundi kanipigia anauliza mbona siileti kamera, kashaagiza kifaa. Nimemwambia imepona.